Mnunuzi na Mfua Shaba

Leo twataka kuwaeleza jambo lililotupata mbali na nyumbani, katika mji wa Cape Town, Afrika Kusini, siku tulipokwenda kutazama kazi za mikono zilizopangwa nje, penye bustani kubwa ya mimea. Si jambo la kutuletea sifa. Tulikuwa watu wanne, na sote tulipatana kwamba lielezwe. Tukisema "sisi" katika mazungumzo haya, si kwa desturi ya wasemaji wa redio tu. Aliyenena alikuwa mmoja, lakini waliomsaidia kwa kunyamaza na kwa kucheka walikuwa watatu, na hakuna hata mmoja aliyemwambia, "Ndugu, acha."

Ilikuwa mwaka 2017. Tulikuwa tumehudhuria mkutano wa makanisa uliochukua siku tano, na siku ya sita ilikuwa Jumapili. Tuliabudu mapema pamoja na wenyeji wetu, na baada ya chai wakatuambia kwamba Jumapili ile, kwa kuwa ni ya mwisho wa mwezi, mafundi wa kila namna wangekuwa wameleta kazi zao kule bustanini. Mama aliyekuwa pamoja nasi aliuliza kama ni vyema kwenda mahali pa kuuza na kununua siku ya Bwana. Mzee wetu akajibu kwamba kutazama si kununua. Jibu hilo, kama mtakavyosikia, halikudumu hata saa tatu.

Bustani yenyewe huitwa Kirstenbosch. Iko upande wa mashariki wa ule mlima ulio bapa juu kama meza, ambao mabaharia huuona wakiwa bado mbali baharini. Ilianzishwa mwaka 1913 kwa kusudi moja, yaani kutunza mimea ya asili ya nchi ile, wala si maua ya kuletwa kutoka Ulaya. Aliyeipigania sana ni Profesa Harold Pearson. Aliisimamia bila mshahara, akafa mwaka 1916, bustani ikiwa bado changa. Tulionyeshwa kaburi lake mle mle ndani, mteremkoni, karibu na mimea aliyoikusanya.

Twawaambieni kweli, tulitembea mle kama watu walio kanisani. Kuna mmea mmoja uliofungiwa ndani ya kizimba cha chuma. Mtu wa pwani akiuona kwa mbali aweza kudhani ni mnazi mfupi, mnene, wenye majani magumu yanayochoma. Mwaka 1895 mtaalamu wa mimea, John Medley Wood, aliuona wa jinsi hiyo katika msitu wa oNgoye, upande wa Natal. Ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa wa kiume. Tangu wakati huo watu wametafuta wa kike kila mahali wasimpate, na yote iliyoko duniani leo, katika bustani za nchi nyingi, ni machipukizi yaliyotokana na ule mmoja. Kizimba kiliwekwa kwa sababu ya wezi. Mzee wetu alivua kofia. Alisema hajapata kuona kiumbe kilicho peke yake kiasi kile, na mama akasema, "Lakini Mungu anamjua." Hakuna aliyeuliza unauzwa bei gani.

Kutoka hapo tulipelekwa kuona ua, nasi twawaomba mlikumbuke ua hili, maana tutalirudia. Waholanzi walifika pwani ile mwaka 1652, wakiongozwa na Jan van Riebeeck, ili kuotesha mboga na kupata nyama kwa ajili ya meli za kampuni yao. Wenyeji, yaani Wakhoikhoi, walikuwa wafugaji, na nchi ile ilikuwa malisho yao. Hawakupatana, wakapigana. Vita vilipokwisha mwaka 1660, van Riebeeck aliamuru upandwe ua mrefu wa mlozi wa mwitu na vichaka vya miiba, ili wenyeji na ng'ombe wao wakae upande wa nje na wageni wakae upande wa ndani. Sehemu ya ua hilo ingali hai hata leo mle bustanini. Matawi yake yameinama mpaka chini, yakaota mizizi tena, yakapanda juu, hata huwezi kujua shina la kwanza ni lipi. Matunda yake ni machungu na yana sumu, mtu hawezi kuyala mpaka yalowekwe na kupikwa. Wako Waafrika Kusini wasemao kwamba ubaguzi wa rangi, ambao sheria zake ziliisumbua nchi mpaka uchaguzi wa mwaka 1994, mzizi wake ulipandwa pale. Tulitikisa vichwa kwa huzuni. Mmoja wetu, ambaye ni mweka hazina wa parishi yake, alisema kwa sauti, "Wanadamu ni wabaya! Kupanda miti ili kumfungia nje jirani!"

Basi tukashuka kwenda kwa mafundi.

Walikuwa wamepanga kazi zao kando ya bustani, penye nyumba za mawe za zamani, chini ya miti mikubwa. Wengine walikuwa na meza, wengine turubai lililotandikwa majanini. Palikuwa na vyungu, vikapu, vitambaa vilivyotiwa rangi kwa mkono, na wanyama waliosukwa kwa waya na shanga. Mtoto mmoja alikuwa akimlilia mamaye amnunulie mjusi wa shanga, akamnunulia. Tulimkuta pia mchonga mawe kutoka Zimbabwe, na hapo tulikaa sana. Alitueleza kwamba jiwe likiisha kuchongwa na kusuguliwa kwa msasa na maji, huwa lingali la kijivu, halina uzuri. Ndipo hulipasha moto, akalipaka nta likiwa bado moto, na weusi wake hutokea mbele ya macho yako kama usiku unaoingia. Alikuwa na kichwa cha mama kilichofanywa nusu hivi na nusu hivi, ili wanunuzi waone. Bei yake ilikuwa kubwa kuliko nauli yetu ya basi kutoka Nairobi kwenda Mombasa na kurudi, na uzito wake kuliko mizigo iliyoruhusiwa na ndege. Tukamshukuru, tukapita.

Karibu na mwisho wa mstari, mahali ambapo kivuli kilikuwa kimeanza kuondoka, palikuwa na mtu wa makamo akiuza picha za shaba. Hakuwa na meza. Alikuwa ameziegemeza kwenye shina la mti, kubwa kwa ndogo, na yeye ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Zilikuwa bamba nyembamba za shaba nyekundu zilizofuliwa kwa nyundo mpaka sura zikainuka. Tuliona mvuvi katika mtumbwi, nyumba zenye mapaa ya makuti, na mama anayetwanga kinuni, amebeba mtoto mgongoni. Picha hiyo ya mama ilitushika sote wanne kwa mara moja. Mikono yake ilikuwa imeinuliwa, na mchi uko juu, wala haujashuka. Mweka hazina akauliza bei kwa Kiingereza. Yule mtu akajibu, naye kwa Kiingereza, "Randi 900." Siku zile hiyo ilikuwa kama shilingi 7,000 za Kenya.

Sasa, wasikilizaji wapenzi, tulifanya lile ambalo pengine hata ninyi mmelifanya mkiwa ugenini. Tuliingia ndani ya Kiswahili, tukafunga mlango.

"Usimwonyeshe kwamba unaipenda," mama akasema, "atakazana."

"Mwambie kwetu vitu hivi vimejaa barabarani," akasema mwingine.

"Mwambie ni bati lililopakwa rangi," mzee akasema, akacheka.

Mweka hazina akainama, akaishika ile picha kama mtu anayeshika samaki aliyekaa sana sokoni. "Tazameni pua. Imepinda. Huyu hajui kazi. Nitamwambia pua imepinda, nimpe 350, tujifanye tunakwenda zetu. Ana njaa huyu, atatuita."

Kisha akamgeukia mwenye kazi, akasema kwa Kiingereza kizuri cha shule kwamba picha si mbaya sana, lakini fundi aliharibu uso, na kwa kazi ya namna hiyo hawezi kutoa zaidi ya 350.

Yule mtu alitutazama mmoja mmoja, asiharakishe. Kisha akamwambia mzee wetu, kwa upole, "Baba, ile luga munasema, ni luga ya kwetu."

Hatuna la kuongeza hapo. Kila mmoja wenu aweza kujua sura zetu zilikuwaje.

Alikuwa mtu wa Lubumbashi, katika Kongo. Mwajua kwamba Kiswahili ni lugha ya mji ule na ya migodi yote ya shaba ya upande ule, ingawa chao kina njia zake. Hatutajaribu kuiga maneno yake yote, tutawapa maana yake kwa Kiswahili chetu. Alisema ya kuwa aliondoka kwao mwaka 2001, wakati wa vita, akapitia Zambia, akashuka nchi baada ya nchi mpaka alipofika mwisho wa bara, mahali ambapo mbele yake palikuwa na bahari tu. Alikuwa amejifunza kufua shaba kwa mjomba wake. Mjini Cape Town alianza kwa kulinda magari ya watu barabarani.

Na alisema hivi. Alikuwa amesikia Kiswahili chetu tangu tulipokuwa kwa yule mchonga mawe. Tulipokaribia, moyo wake ulifurahi, akaanza kupanga jinsi atakavyotusalimu. Maana, alisema, yeye hasemi Kiswahili ovyo katika mji ule. Mwezi wa Mei mwaka 2008 watu waliwainukia wageni katika nchi ile. Fujo zilianzia mtaa wa Alexandra, Johannesburg, zikaenea mpaka Cape Town, na zaidi ya watu 60 wakauawa. Magazeti ya wakati ule yaliandika kwamba wako waliosimamishwa njiani wakatakiwa kutaja kiwiko cha mkono kwa Kizulu, na aliyeshindwa alijulikana kuwa ni mgeni. Mwaka 2015 mambo hayo yalitokea tena. Basi katika basi au penye foleni yeye hunyamaza, na mkewe akimpigia simu hujibu kwa neno moja moja. Watoto wamefundishwa kusema kwa sauti nyumbani tu. Miaka mingi alikuwa hajasikia watu wazima wanne wakitembea mchana, wakinena lugha ile bila hofu, wakicheka.

"Ningewaamkia," alisema. "Lakini nikasikia munasema nini."

Mnakumbuka habari ya Shibolethi katika Waamuzi sura ya 12? Wagileadi walishika vivuko vya Yordani, na kila aliyetaka kuvuka walimpima kwa neno moja. Aliyeshindwa kulitamka kama wao alikufa palepale, na hesabu ya waliokufa siku ile ni 42,000. Tumeisoma sura hiyo mara nyingi, nasi siku zote tulijiona tuko upande wa yule anayetaka kuvuka. Saa moja tu ilikuwa imepita tangu tulipotikisa vichwa mbele ya ua la mwaka 1660. Mweka hazina alikumbuka maneno yake mwenyewe kuhusu jirani aliyefungiwa nje. Twajua alikumbuka, kwa sababu aliketi chini majanini, na suruali yake nzuri ya Jumapili, akafunika uso.

Mzee alitaka kumaliza mambo kwa haraka, kama wazee wafanyavyo. Akatoa randi 900, akasema, "Ndugu yetu, tusamehe, chukua zote."

Yule fundi hakuzipokea mara moja. Alisema neno ambalo tungali tunalitafakari, nalo twalitoa kama alivyolisema: "Kusema hauna makuta, si mubaya. Ungeniambia, ndugu, makuta yangu ni kidogo, ningepunguza. Lakini kusema kazi ni mubaya, na moyoni unaona ni muzuri, ile ndiyo mubaya."

Makuta ni fedha, kwa lugha yao.

Kisha akaichukua picha, akaigeuza nyuma ili tuone. Wasikilizaji, upande wa nyuma wa bamba la shaba ndiko kazi iliko. Ni mahali pa alama za nyundo, maelfu, kama nyayo za mifugo penye kisima. Alitueleza kwamba bamba hulazwa juu ya kitu laini na kupigwa kutoka nyuma kwa patasi ndogo zisizo na makali, ili sura ijitokeze mbele. Lakini shaba ikipigwa sana huwa ngumu, na ukiendelea itapasuka. Basi hana budi kuiweka motoni mpaka iwe laini tena, aipoze, apige, airudishe motoni. Picha ile ilikwenda motoni mara nyingi, nayo ilimchukua siku nne. Mwisho huitia weusi yote, halafu huisugua mahali palipoinuka tu, ili mwanga ukae juu na giza libaki bondeni.

"Na pua?" mama akauliza kwa sauti ndogo. Hatujui kwa nini aliuliza. Labda alitaka tuambiwe kwamba tulikuwa tumeona vibaya.

"Pua imepinda," akasema. "Ni mama yangu. Alianguka mutini wakati alikuwa binti."

Tulikaa pale karibu saa nzima. Jua lilikuwa limekwisha kufika kwake kabisa, na mama wetu alimfungulia mwavuli wake. Alituuliza kama kweli Kenya watu wote wanajua Kiswahili, na kama mahindi yetu ni meupe au ya manjano. Alitueleza pia jambo tulilokuwa hatulijui, kwamba katika nchi ya Katanga, kabla mmisionari yeyote hajafika, mababu zao waliyeyusha shaba na kuimimina katika umbo la msalaba wenye mikono minne, na misalaba hiyo ndiyo iliyokuwa fedha yao. Kwa misalaba hiyo waliuza na kununua, nayo imekutwa katika makaburi ya zamani sana, pamoja na wafu. Mzee alishangaa sana. Akasema, "Basi ninyi mlikuwa mkilipana kwa msalaba," na yule fundi akacheka kwa mara ya kwanza.

Sasa twende katika Neno kidogo. Katika Mithali 20:14 kuna picha ya mnunuzi anayeidharau bidhaa kwa kinywa chake, tena na tena, kisha akiisha kuipata huenda zake akijivuna kwa jinsi alivyoipata rahisi. Mstari ni mfupi, hauna amri ndani yake wala adhabu. Unamchora tu mtu huyo na kumwacha hapo. Tuliusoma jioni ile katika nyumba ya wageni, na mweka hazina akasema, "Mwandishi alikuwa amesimama nyuma yetu."

Wengine mtatuuliza, je, kupatana bei ni dhambi? Hatusemi hivyo. Soko bila kupatana ni duka, na wako akina mama sokoni ambao wangechukizwa ukilipa bei ya kwanza bila hata kuzungumza nao. Abrahamu alipotaka pango la Makpela ili amzike Sara, katika Mwanzo sura ya 23, yeye na Efroni walizungumza kwa adabu nyingi mbele ya watu langoni. Bei ilipotajwa, shekeli 400 za fedha, Abrahamu alizipima. Hakusema kwamba pango linavuja. Na katika Walawi 25:14 sheria haimwonyi mwenye kuuza peke yake, bali humwonya na mwenye kununua, wasidhulumiane. Sisi huhubiri mara nyingi juu ya mizani ya uongo, na mizani hukaa mkononi mwa mwenye duka. Ni mara ngapi mmesikia hubiri juu ya ulimi wa mteja?

Mtasema, nao wauzaji je? Wao hawataji bei mara mbili wakijua utapunguza? Ni kweli, hufanya hivyo, tena wengine huapa kwa watoto wao. Uongo wa huyu umeuzaa uongo wa yule, na hakuna akumbukaye ni upi uliozaliwa kwanza. Hilo hatukuweza kulimaliza usiku ule, tukabishana mpaka saa tano. Lakini tuliona tofauti moja. Muuzaji akitaja bei kubwa, ametudai fedha. Sisi tukiiita kazi yake ovyo, tumemnyang'anya kitu ambacho hata tukimlipa hatukimrudishii. Mchonga vinyago wa Ukambani anayesimama jua kali na kinyago chake mkononi, fundi wa viatu chini ya mwavuli, msichana aliyetufulia nguo, huyasikia maneno hayo kila siku kutoka kwa watu waliovaa beji za kanisa. Wengine huishia kuyaamini.

Nasi tulisoma Kutoka 31, habari za Bezaleli, ambaye Mungu alimjaza Roho wake apate kufanya kazi ya dhahabu, fedha na shaba. Hapo mzee wetu, kwa kujitetea kidogo, alitukumbusha Aleksanda mfua shaba aliyemtendea Paulo mabaya mengi, katika barua ya pili kwa Timotheo. Mama akamjibu, "Mzee, leo wafua shaba hawana kosa," naye akanyamaza.

Tumeruka jambo moja, na lazima tulirudie. Kabla hatujaagana pale chini ya mti, mweka hazina alisimama, akajifuta majani. Alikuwa na lake la kusema, na lilikuwa gumu, kwa kuwa yeye ni mtu anayezoea kuhesabu fedha za wengine na kuaminiwa. Alisema, "Ndugu, nilipoiona picha yako mara ya kwanza, niliipenda kuliko yote niliyoiona leo. Nilijua ni nzuri. Fedha zangu mwenyewe ni 600. Nilikuwa nazo mfukoni wakati nilipokutajia 350."

Yule fundi alimtazama. Akasema, "Basi lete 600."

Mzee na mama walitaka kuongeza zile 300 zilizobaki, lakini alikataa kabisa. Alisema amekwisha kupatana bei na ndugu yake, na bei ni bei. Akaifunga picha kwa gazeti na kipande cha gunia, akaifunga tena kwa kamba, polepole, kama anayemfunga mtoto mgongoni. Tukasali pamoja naye, kwa Kiswahili, kwa sauti, watu wakipita. Twakiri kwamba mmoja wetu alifungua macho katikati ya maombi, atazame kama yuko anayetuangalia vibaya. Hakuwako.

Picha ile sasa iko Kenya, katika sebule ya mweka hazina, juu ya kabati la vyombo. Juma lile lile tuliporudi alikuja jirani yake, mtu wa biashara, akaisifu, kisha akauliza lile swali ambalo sote twajua lazima liulizwe, "Mliipata kwa bei gani?"

Mweka hazina akataja randi 600.

"Walikupunja!" jirani akasema, akaisogelea na kuigusa kwa kidole. "Hata pua imepinda."

Mweka hazina akamwambia aketi, akamwita mkewe alete chai.